Tangazo lisilofungika: nani analipwa, na mkimbizi anapoteza nini

Kama unatumia kompyuta hapa Kigali, iwe laptopu yako mwenyewe, mashine ya saiba huko Nyamirambo au kompyuta ya kituo cha vijana, huenda umekwisha kukutana nalo. Unafungua intaneti uandike ombi la kazi, na pembeni mwa skrini kinachomoza kidirisha kinachosema kompyuta yako imejaa virusi. Unakifunga, kinarudi. Kinafuata kingine: umechaguliwa kuhamia Kanada, jaza fomu leo. Unazima mashine na kuiwasha tena, na vyote bado vipo.

Wengi huliona jambo hili kuwa kero ndogo, kama nzi mezani. Wengine huogopa, wakapeleka mashine kwa fundi na kulipa faranga walizoziweka kwa ajili ya kodi ya nyumba. Uchambuzi huu unasema jambo tofauti. Matangazo hayo ni biashara. Biashara hiyo humdhuru mkimbizi kuliko mtumiaji wa kawaida. Na mara nyingi dawa yake ni ya bure, nawe unaweza kuifanya mwenyewe kwa muda usiozidi saa moja.

Kwa nini tulizungumze sasa

Mambo mawili yaliyotokea mwaka 2025 yamelifanya suala hili kuwa zito zaidi.

La kwanza ni la kompyuta zenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Mashine haizimiki, inaendelea kufanya kazi, lakini matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi tena. Windows 11 nayo haipokei rasmi kompyuta za zamani: inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa kawaida ni za kuanzia mwaka 2018. Laptopu za mkono wa pili tunazonunua mjini, za kutoka Dubai au Ulaya, mara nyingi ni za kabla ya hapo. Kwa hiyo mashine nyingi za watu wa kipato cha chini ndizo zimeachwa bila ulinzi. Wenye matangazo ya uongo nao wamepata kisingizio kipya: kidirisha kinachosema "Windows yako imekwisha muda, bofya hapa" sasa kinaaminika kwa urahisi, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli.

La pili ni la maisha yetu. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa nchi hiyo wa kupokea wakimbizi, na amri hiyo ikaanza kutumika tarehe 27 Januari. Kiwango kilichotangazwa baadaye kwa mwaka wa fedha 2026 ni watu 7,500, baada ya kiwango cha 125,000 kilichokuwa kimewekwa kwa mwaka uliotangulia, na sehemu kubwa ya nafasi hizo chache imeelekezwa kwa Waafrikana wa Afrika Kusini. Familia za Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na hapa mjini zilizokuwa zimefika mbali katika safari ya faili zao zikabaki zinasubiri.

Mlango wa kweli unapopungua upana, milango ya kuchorwa ukutani huongezeka. Mtu aliyesubiri miaka kumi husoma tangazo la "Kanada inapokea wakimbizi kutoka Rwanda" kwa jicho tofauti na la mtu asiyesubiri kitu. Wenye matangazo wanalijua hilo. Mitandao ya matangazo huona uko nchi gani, unatumia lugha gani na mara nyingi umetafuta nini. Ukitafuta habari za kuhamishiwa nchi ya tatu leo asubuhi, usishangae tangazo la viza likikufuata jioni.

Vidirisha huingia kupitia wapi

Watu wengi wanaamini kwamba kila kidirisha ni kirusi. Sivyo. Kuna milango mitatu, na ni muhimu kuitofautisha kwa sababu kila mmoja una namna yake ya kufungwa.

Mlango wa kwanza, ambao siku hizi ni wa kawaida sana, ni ruhusa. Umeingia kwenye tovuti ya filamu, ya mpira au ya muziki. Kabla ya kuona unachotaka, unaambiwa: "Bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Ukibofya, hujathibitisha chochote. Umeipa tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia arifa wakati wowote kivinjari kinapofanya kazi, hata ukiwa umeondoka kwenye ukurasa wake. Hakuna programu iliyoingia kwenye mashine yako na hakuna kirusi cha kusaka. Ndiyo maana antivirasi haioni kitu. Ulifungua mlango kwa mkono wako, na kwa mkono huohuo unaweza kuufunga.

Mlango wa pili ni programu zinazoingia zikiwa zimejificha nyuma ya nyingine. Unapakua programu ya kubadilisha PDF au ya kuchezesha video, unabofya "Endelea, Endelea, Maliza" bila kusoma, na pamoja nayo inaingia programu ya matangazo au kiendelezi cha kivinjari. Baada ya siku mbili ukurasa wako wa mwanzo umebadilika, na ukitafuta kitu Google unapelekwa mahali pengine. Hatari zaidi ni programu za kuvunja leseni, zile zinazowekwa ili Windows au Office ya bure ionekane imelipiwa. Anayekupa kufuli iliyovunjwa huenda amebaki na ufunguo.

Mlango wa tatu ni mashine iliyokuja na uchafu wake. Hili halihusu mitumba peke yake. Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya Lenovo iliuza laptopu mpya zikiwa na programu ya matangazo iliyotokana na kampuni ya Superfish. Programu hiyo iliingiza matangazo kwenye kurasa alizotazama mteja na kudhoofisha ulinzi wa mawasiliano yake, hata ya benki. Iligunduliwa Februari 2015, na mwaka 2017 Lenovo ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Marekani na majimbo 32. Kwa upande wa simu, mwaka 2020 ilifichuka kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na programu hasidi tangu zilipotoka dukani, na programu hizo zilijaribu kuwasajili wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Waliolengwa ni wanunuzi wa simu za bei nafuu, yaani watu kama sisi.

Nani analipwa

Ukilielewa hili, hutakiogopa tena kidirisha.

Kuna anayelipwa kila unapobofya tangazo. Kuna anayelipwa kila programu yake inapowekwa kwenye kompyuta mpya, hata kama mwenye kompyuta hakuitaka. Na kuna anayeuza hofu: anakuonyesha ugonjwa usiokuwapo, kisha anakuuzia dawa.

Biashara hii ya hofu si ya vijana waliojificha chumbani peke yao. Machi 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni mbili zenye makao Cyprus, Restoro na Reimage, zimekubali kulipa dola milioni 26. Kwa mujibu wa tume hiyo, kampuni hizo zilitumia vidirisha na matangazo yaliyofanana na maonyo ya Windows kuwaambia watu, wengi wao wazee, kwamba kompyuta zao zina virusi na matatizo mengine, kisha zikawauzia huduma ya kuzitengeneza. Wachunguzi wa tume walinunua huduma hiyo wakitumia kompyuta zisizo na tatizo, na programu bado ikadai kwamba imekuta mamia ya kasoro.

Tazama mpangilio wake. Onyo ni bure. Uchunguzi ni bure au wa bei ndogo. Kisha linakuja bei kubwa, na mwisho namba ya simu ya mtu anayetaka umruhusu aingie kwenye mashine yako kutoka mbali. Microsoft imekwisha kusema wazi kwamba ujumbe wake wa hitilafu hauweki namba ya simu ya kupiga. Kwa hiyo onyo lenye namba ya simu ni la uongo, hata kama lina nembo nzuri kiasi gani.

Kwa nini mkimbizi hupoteza zaidi

Mtu mwenye ajira ya kudumu na kitambulisho cha taifa akidanganywa, anapoteza pesa, nalo ni jambo baya. Mkimbizi anaweza kupoteza vitu ambavyo hanunui tena.

Kwanza, namba ya faili. Fomu za uongo za kuhama huomba majina ya familia nzima, tarehe za kuzaliwa, namba ya usajili na picha ya kitambulisho cha mkimbizi. Ukishazitoa, huwezi kuzirudisha. Mtu anaweza kuzitumia kukupigia akijifanya afisa, na utamwamini kwa sababu anajua majina ya watoto wako.

Pili, barua pepe. Kwa wengi wetu anwani moja ya barua pepe ndiyo inayotuunganisha na ofisi, shule, ubalozi na ndugu waliotawanyika. Ikichukuliwa kwenye kompyuta ya saiba, si ujumbe tu unaopotea. Wito wa mahojiano unaweza kufika na usiuone.

Tatu, pesa za simu. Tangazo linaloomba "ada ndogo ya kufungua faili" kwa MoMo linataka kiasi unachoweza kukikopa kwa jirani. Kumbuka neno moja: huduma za UNHCR ni za bure, kuanzia usajili hadi kuhamishiwa nchi ya tatu. Hakuna afisa, shirika mshirika wala wakala anayeruhusiwa kukutoza. Tangazo likiomba malipo kwa jambo hilo, limejihukumu lenyewe.

Nne, bando. Matangazo na video zinazojicheza zenyewe hula megabaiti ulizonunua ili usome au uongee na mama. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa mtandao, kidirisha kinachorudi kila baada ya dakika mbili kinaweza kumaliza salio kabla ya somo.

Jinsi ya kuyaondoa bila kulipa mtu

Kompyuta zetu ziko katika lugha nyingi: Kifaransa, Kiingereza, na zile za Dubai mara nyingine Kiarabu. Ndiyo maana hapa tunakupa maandishi ya kuandika wewe mwenyewe, kwa sababu hayabadiliki hata lugha ya mashine ikibadilika. Fuata mpangilio huu, na baada ya kila hatua angalia kama tatizo limekwisha.

1. Kama skrini nzima imekamatwa na onyo, usipige namba yoyote na usibofye hata alama ya kufunga iliyomo ndani ya tangazo. Bonyeza Alt na F4 pamoja. Ikikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, chagua kivinjari kwenye orodha na ukizime. Ukikifungua tena na kikakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

2. Futa ruhusa za arifa. Kwenye Chrome, andika juu kabisa, mahali pa anwani: chrome://settings/content/notifications kisha bonyeza Enter. Kwenye Edge andika edge://settings/content/notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Bofya nukta tatu mbele ya kila tovuti usiyoifahamu na uiondoe au uizuie. Ukurasa huohuo una sehemu ya kuzuia tovuti zote zisikuombe tena ruhusa hiyo. Ichague. Kwenye Firefox andika about:preferences#privacy, shuka hadi sehemu ya ruhusa, fungua arifa na ufute zote. Kwa watu wengi, kelele huishia hapa.

3. Kagua viendelezi. Kwenye Chrome andika chrome://extensions, kwenye Edge edge://extensions, kwenye Firefox about:addons. Kiendelezi ambacho hukumbuki kukiweka, kiondoe. Vya "kuponi", "kutafuta kwa haraka" na "kubadilisha PDF" ndivyo vya kutiliwa shaka kwanza.

4. Kagua programu za mashine. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R. Kwenye kisanduku kinachotokea andika appwiz.cpl na ubonyeze Enter. Zipange kwa tarehe, kisha uangalie zilizoingia siku tatizo lilipoanza. Usizozijua, tafuta kwanza majina yake kabla ya kuziondoa, kwa sababu baadhi ni za kadi ya sauti au ya skrini na mashine inazihitaji.

5. Piga msasa kwa vifaa vilivyomo ndani ya Windows. Bonyeza tena nembo ya Windows na R, andika windowsdefender: pamoja na nukta mbili za mwisho. Ndani ya ulinzi dhidi ya virusi, chagua ukaguzi kamili, na ukimalizika fanya ule wa nje ya mtandao. Huo wa pili huizima mashine na kuiwasha, na huchukua takriban dakika 15. Hifadhi kazi yako kwanza.

6. Kama bado, pakua AdwCleaner ya kampuni ya Malwarebytes. Ni ya bure, ni ndogo, na imetengenezwa kwa ajili ya programu za matangazo hasa. Lakini iandike mwenyewe anwani ya malwarebytes.com. Usiitafute kisha ukabofya jibu la kwanza, kwa sababu majibu ya juu mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilionya kwamba wahalifu hununua matangazo kwenye injini za utafutaji na kujifanya kampuni halali, na ikashauri watu watumie vizuia matangazo.

7. Rudisha kivinjari katika hali yake ya mwanzo. Kwenye Chrome andika chrome://settings/reset. Kwenye Firefox andika about:support, na kitufe cha kukifanya upya kiko upande wa kulia. Alamisho na manenosiri yako hubaki. Kisha bofya kulia ikoni ya kivinjari kwenye dawati, fungua sifa zake, na utazame mstari wa njia ya programu. Ukikuta anwani ya tovuti imeongezwa baada ya chrome.exe, futa ikoni hiyo na utengeneze nyingine.

Ukimaliza, weka kizuia matangazo. Kwenye Firefox, uBlock Origin ni ya bure na inafanya kazi kikamilifu. Chrome imeacha kuipokea, kwa hiyo huko kuna toleo jepesi liitwalo uBlock Origin Lite. Angalia jina vizuri, maana kuna za kuiga.

Kama laptopu ni yako na Chrome inasema inasimamiwa na shirika, ilhali hufanyi kazi kwenye shirika lolote, hiyo ni dalili kwamba programu fulani imejiwekea mamlaka. Hapo, au kama umefuata hatua zote saba bila mafanikio, hifadhi nyaraka na picha zako, kisha usakinishe mfumo upya. Kwa mashine ya zamani isiyopokea Windows 11, Linux Mint na Ubuntu ni za bure na zinaendelea kupata masasisho. Ukitaka kubaki na Windows 10, Microsoft inatoa masasisho ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Bei yake ni dola 30, lakini kuna njia ya kujiandikisha bila kulipa ukiwa na akaunti ya Microsoft na ukakubali kuhifadhi mipangilio yako kwao. Mlango wa hilo uko ndani ya mipangilio ya Windows Update, si ndani ya tangazo.

Kwenda kwa fundi si kosa. Mafundi wengi mjini ni waaminifu. Ila muulize atafanya nini, keti naye akifanya, na umkatalie akitaka kukuwekea programu ya kuvunja leseni. Hiyo itakurudisha kwake baada ya mwezi.

Kompyuta ya wengi

Yote hayo yanawezekana kama mashine ni yako. Lakini wakimbizi wengi hutumia kompyuta ambayo wengine ishirini wameitumia siku hiyohiyo, na huwezi kujua nani alibofya nini.

Kwenye mashine ya namna hiyo, fungua dirisha la faragha kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N pamoja kwenye Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Ondoka kwenye akaunti kabla hujasimama. Dirisha la faragha halizuii programu ya kupeleleza iliyokwisha kuingia, kwa hiyo usiingie benki wala usiweke PIN ya MoMo kwenye kompyuta ya umma hata siku moja. Na weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe yako, ili aliyeiba nenosiri akwame kwenye hatua ya pili.

Wenye saiba na wasimamizi wa vituo, iwe ni Wanyarwanda au wageni, hapa mna nafasi kubwa kuliko mtu mwingine yeyote. Tengenezeni akaunti ya mteja isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Zuieni arifa kwenye kivinjari cha kila mashine. Wekeni kizuia matangazo. Haya hayagharimu faranga hata moja, na yanamkinga jirani Mnyarwanda sawasawa na mkimbizi kutoka Kongo au Burundi, kwa sababu wanatumia kiti kilekile.

Sheria inasema nini

Watu wengi hudhani mkimbizi hana pa kulalamika katika mambo ya mtandao. Rwanda ina Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha. Sheria hiyo haizungumzii raia peke yake, bali watu walio Rwanda, na inawagusa hata wanaochakata taarifa zao kutoka nje ya nchi. Inakupa haki ya kuondoa idhini uliyoitoa na kuomba taarifa zako zifutwe. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA. Kuna pia Sheria namba 60/2018 ya tarehe 22 Agosti 2018, inayozuia na kuadhibu makosa ya mtandao.

Tusijidanganye: sheria ya Kigali haimfikii kwa urahisi mwenye tovuti aliyeko bara jingine. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mfumo huu, na ndiyo sababu kujikinga mapema ni bora kuliko kulalamika baadaye. Lakini sehemu ya utapeli huu ina mkono wa karibu: namba ya simu ya hapa, akaunti ya MoMo ya hapa, mtu wa hapa anayepokea "ada". Huyo anafikika. Piga picha ya skrini, andika namba, tarehe na kiasi, kisha ripoti kwa RIB kwa namba ya bure 166 au kwenye kituo chao kilicho karibu. Kama umetoa PIN, ibadilishe mara moja na upige huduma kwa wateja ya mtandao wako. Kama umetoa namba ya faili, waarifu UNHCR wenyewe, na habari zao za kweli uzisome kwenye help.unhcr.org, sehemu ya Rwanda.

La kuangalia kila mara ni anwani. Tovuti za serikali ya Rwanda huishia kwa .gov.rw, za serikali ya Marekani kwa .gov, na za UNHCR kwa unhcr.org. Tazama mwisho wa jina kabla ya mkwaju wa kwanza. Anwani kama unhcr-canada-visa ikifuatiwa na herufi usizozifahamu si ya UNHCR hata kama ina rangi ya buluu na picha ya familia.

Anza na ruhusa leo

Uamuzi wa kuhamishwa hauji kwa kidirisha, na kompyuta iliyougua kweli haikupi namba ya simu ya kupiga. Wanaotengeneza vidirisha hivi wanategemea mambo mawili: kwamba una haraka, na kwamba unaona aibu kuuliza.

Kwa hiyo kabla hujafunga ukurasa huu, andika lile neno la hatua ya pili mahali pa anwani na utazame orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Huenda ukakuta kumi ambazo huzifahamu hata moja. Zifute. Kisha mwite mdogo wako, mama mwenye nyumba au mtu wa kiti cha pembeni pale saiba, umwonyeshe naye afute zake.